Alama Nyekundu kwenye Nguzo ya 47

2 Machi

Mvua ya kwanza leo, saa nane mchana, nikiwa nguzo ya kumi na mbili. Nimejibanza chini ya paa la kibanda cha pampu ya maji, nikaifuta nyundo kwa shati.

Naandika kwa sababu nyumbani hakuna wa kumsimulia. Miaka ishirini na sita nilikuwa nikirudi, navua buti mlangoni, na mke wangu ananiuliza nguzo zimesemaje. Namweleza moja moja, yeye anapiga pasi, na kila nikitaja iliyooza anaguna kama ameambiwa jirani anaumwa. Alifariki mwezi wa kwanza, tarehe kumi na tisa. Moyo. Binti yetu ndiye aliyeninunulia daftari hili. "Andika, baba, maana siku hizi unaongea na birika." Ni kweli, naongea na birika.

Niseme kazi yangu. Nakagua nguzo za mbao zinazobeba umeme. Naigonga nguzo kwa nyundo pande zote, kuanzia usawa wa udongo mpaka mkono unapofika. Mti mzima unalia sauti kali, na nyundo inaruka kurudi mkononi. Uliooza ndani unajibu kwa sauti nene, na nyundo inalala. Kisha nachimba kina cha kiganja kuzunguka shina na kuchokoa kwa bisibisi. Nikiridhika napaka pete nyeupe. Ikiwa mbovu napaka alama nyekundu, na ikishapakwa hakuna apandaye, hata bosi mwenyewe, mpaka ibadilishwe au lije gari la kikapu linalomnyanyua fundi bila kugusa nguzo. Isiyo na rangi nayo haipandwi. Mafundi hawaniulizi kwa nini. Wanaangalia rangi, wanafunga mkanda, wanapanda.

4 Machi

Mvua. Nguzo tisa, zote nzima.

6 Machi

Binti yangu ameanza kazi kwenye kikosi chetu. Amemaliza mwaka wa mafunzo chuoni, sasa ni fundi mwanafunzi, mwanamke pekee katika watu saba. Asubuhi mmoja alimwambia, "Dada, ofisi ya malalamiko iko ghorofani." Akajibu, "Nimetoka huko. Wamesema wanaume wanaoogopa kupanda ndio hukaa kule, wakauliza unakwenda lini." Walicheka mpaka msimamizi akatoka kuangalia kuna nini.

Msimamizi wetu tunamwita Taratibu, kwa kuwa kila sentensi yake ina neno hilo huku yeye mwenyewe anakula amesimama. "Kwa taratibu, jamani, kwa taratibu! Haraka!" Kabla ya saa sita binti yangu naye alishapata jina. Wengine walikuwa wanabishana nani aanze kupanda nguzo ya mazoezi uani, yeye yuko juu anawangoja. Wamemwita Kindi.

9 Machi

Nguzo kumi na moja. Ya 63, ile ya bondeni, imesimama kwenye maji hadi magotini, sikuweza kuchimba. Nimeigonga kidogo, haikunipendeza. Nimekwangua pete yake ya mwaka jana, nikaandika kitabuni: irudiwe maji yakipungua. Kwa sasa haina rangi.

10 Machi

Tumekata matawi yaliyokuwa yanagusa waya nyuma ya shule. Watoto walitupigia makofi kila tawi lilipoanguka.

13 Machi

Jana Taratibu aliniambia, "Mzee wangu, ya 47 pale zahanati, kikombe kimoja kimepasuka. Kesho kutwa Kindi apande akakibadilishe. Nenda kaikague."

Vikombe ni vile vya kauri vinavyoshika waya usiguse mbao. Kikipasuka, mvua inaingia kwenye ufa na siku moja umeme unatafuta njia humo. Kazi yenyewe haina ajabu. Laini inazimwa, kila mtu anaweka kufuli lake kwenye swichi na ufunguo anabaki nao mfukoni, laini inapimwa kuona kama kweli imekufa, inafungwa waya wa ardhi, ndipo mtu anapanda. Nimeyaona hayo mara elfu. Lakini ingekuwa mara yake ya kwanza nje ya uani kwetu.

Asubuhi alitoka chumbani amefunga nywele kwa kitambaa cha manjano cha mama yake, ili kofia ngumu ikae vizuri. Aliinama kufunga buti. Nikaona shingo yake kwa nyuma, yenye shimo dogo kama la mama yake.

Nimekwenda ya 47 peke yangu. Nimeigonga. Ililia kama kengele. Nimechimba, bisibisi ikagoma kuingia. Nguzo ya miaka mitano, ngumu kama imesimikwa jana. Nikasimama na makopo mawili ya rangi miguuni, mvua ikinyesha.

Nimepaka nyekundu.

Kitabuni nimeandika: imeoza chini, isipandwe. Miaka ishirini na sita sijawahi kuandika uongo katika kitabu kile.

14 Machi

Taratibu amesikitika. Gari la kikapu liko wilaya ya pili, barabara imekatika, labda wiki tatu. Kikombe kitangoja. Binti yangu akasema tu, "Basi. Bahati yangu imelala." Ametupikia wali wa nazi na maharage. Nilikula sahani mbili. Usiku wa jana nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Januari, lazima niandike na hilo.

18 Machi

Tumepima mafuta ya transfoma tatu. Moja inavuja kwenye gasketi.

20 Machi

Taratibu amempa binti yangu nyundo ya pili, afuatane nami mwezi mzima ajifunze ukaguzi. "Masikio ya mzee yanastaafu miaka minne ijayo, ni lazima yarithiwe."

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Anagonga akiwa amefumba macho. Anahamisha nyundo kidogo kidogo, anasikiliza, anahamisha. Mama yake alikuwa akigonga pipa la maji vivyo hivyo kujua limebaki kiasi gani, na hakuwahi kukosea hata kwa ndoo moja. Nilimwambia. Akasema, "Kumbe nimetoka kwenye ukoo wa wagongaji." Tumecheka barabarani kama wehu.

Saa tisa tukafika ya 47. Ningeweza kuipita. Aliigonga kabla sijasema neno. Akafumbua macho.

"Baba, mbona hii inaimba?"

Nikasema, "Sikiliza tena."

Akagonga tena. "Inaimba, baba."

"Sikiliza tena."

Aligonga upande wa pili, polepole, uso umekunjamana. Halafu akasema, "Aa. Nadhani sasa naisikia." Alitaka kuchimba, nikamwambia nimeshachimba, tusiichokonoe zaidi. Akatoa kidaftari chake akaandika. Mimi nikajifanya natazama waya.

21 Machi

Nguzo kumi na tatu. Hatukuzungumza sana, upepo ulikuwa mkali.

27 Machi

Kuna kitu kimemharibikia. Wiki iliyopita alikuwa akigonga mara nne au tano anasema jibu. Leo kwenye ya 30 amegonga mara kumi na tano.

"Sijui, baba. Imefanana na ya 47."

"Hii ni nzima."

"Tofauti iko wapi?"

Nikamwambia, "Utazoea."

Aliitikia kwa kichwa kwa adabu kama mtoto wa darasa la kwanza aliyeambiwa jambo asilolielewa. Nilitaka kumwambia palepale. Nikajiambia gari la kikapu litakuja, nguzo ya 47 itang'olewa, na uongo wangu utapakiwa pamoja nayo kwenye lori.

29 Machi

Chai imemwagika kwenye daftari.

2 Aprili

Mkunga wa zahanati alinisimamisha getini. Ni mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa michezo. "Mzee wa nyundo, nguzo yenu inachemka kama mafuta. Mvua ikinyesha nasikia chwaaa mpaka wodini."

"Tunangoja gari, mama."

"Mimi nina friji ya chanjo na wanawake wanne wanaongoja siku zao. Mvua haingoji gari. Juzi umeme ulikatika dakika ishirini, tochi nimeishika kwa meno. Meno yenyewe yamebaki machache, usinimalizie."

Nilicheka naye.

Sasa ni watu watatu ninaowadanganya, na wale wanne wa wodini.

3 Aprili

Mvua.

4 Aprili

Mvua.

6 Aprili

Homa. Binti yangu ameniachia chupa ya chai na vidonge, ameandika kwenye karatasi saa ya kumeza kila kimoja kwa herufi kubwa kama vile mimi ni kipofu. Amekwenda kazini peke yake. Nimeamua. Nikipata nguvu ya kusimama nitakwenda kwa Taratibu.

7 Aprili

Homa bado. Karatasi yangu ya vidonge imetiwa alama na mtu asiyeniamini.

8 Aprili

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Alfajiri kulikuwa na ngurumo. Saa moja asubuhi taa ikazimika, binti yangu alikuwa ameshatoka. Nilivaa koti, nikatembea mpaka kituoni. Mlinzi akasema kikombe cha 47 kimepasuka kabisa na zahanati yote iko gizani, kikosi kimekwenda bondeni. Nikauliza bondeni kufanya nini. Akasema, "Ya 47 si haipandwi? Wanapitia 63."

Nilielewa papo hapo. Bondeni kwenye 63 laini yetu inakutana na laini ya upande wa pili. Ukikitenga kipande cha 47 na kuunganisha nyaya tatu juu ya 63, zahanati inapata umeme kwa njia ya nyuma. Ni akili nzuri, hata mimi ningeshauri hivyo. Ila mtu lazima apande 63.

Mwenye baiskeli alinibeba mpaka kona, kutoka pale nikateremka kwenye matope kwa miguu yangu. Maji ya bondeni yalikuwa yamepungua. Niliona kofia za njano, nikaona ile nguzo, na kwenye nguzo pete nyeupe mpya kabisa, imepakwa vizuri kuliko ninavyopaka mimi. Binti yangu alikuwa ameshavaa vyuma vya kupandia. Mkanda umezungushwa. Yuko hatua mbili juu ya ardhi.

"Nani amepaka hii?"

"Mimi, jana," akasema. "Maji yalipungua, nikachimba. Bisibisi imegoma. Rudi nyumbani, baba, una homa."

"Uliigonga?"

"Niliigonga sana. Haiimbi kama ile 47 hata kidogo. Imetulia kabisa."

Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Nikaigonga ile nguzo chini ya buti zake. Ilijibu kama gunia la unga.

"Shuka."

"Baba, usianze."

"Shuka, mwanangu."

Taratibu akaja mbio, matope mpaka kifuani. "Mzee wangu, kwa taratibu! Kule zahanati kuna mama anajifungua kwa tochi. Pete ilitakiwa uithibitishe wewe, najua, ulikuwa mgonjwa, nimeruhusu mimi. Lawama nipe jioni."

"Lawama ni yangu. Ashuke kwanza ndipo niseme."

Alishuka. Nadhani alishuka kwa sababu ya sauti yangu, maana sikuitambua hata mimi. Nilingoja mpaka miguu yote miwili iko chini na mkanda umefunguliwa.

"Ya 47 ni nzima," nikasema. "Ilikuwa nzima siku ile naipaka. Niliandika uongo. Sikutaka apande."

Yule aliyemtania habari za ghorofani alisema "Duh," kisha akaangalia buti zake.

Taratibu akasema, "Rudia."

Nikarudia. Na nikaongeza lile lililokuwa gumu zaidi, nikimtazama yeye binti yangu. "Ulisikia sawasawa. Iliimba. Nikakufundisha kwamba inayoimba imeoza, na leo umekuta iliyooza ukaiona nzima."

Alinyoosha mkono akachukua nyundo yangu, akainama, akaigonga 63 mara moja, mbili, tatu, amefumba macho. Taratibu akaleta keekee wakatoboa. Ganda la nje vidole viwili, gumu kama chuma. Ndani ukatoka unga wa kahawia, umelowa, kama ugoro. Ule mkanda wake ungezunguka gamba tupu.

Tulitembea mpaka 47, dakika kumi. Nilipofungua mdomo Taratibu aliinua kiganja. "Leo neno lako silitumii, mzee wangu. Samahani." Alikuwa sahihi. Aligonga yeye, akachimba yeye, akatoboa yeye. Vumbi lilitoka jeupe, kavu, linanukia msumeno. Halafu akampa binti yangu nyundo.

Aligonga mara nne. "Inaimba," akasema, akiiambia nguzo.

Wakafanya yote inavyotakiwa, hakuna lililorukwa, ijapokuwa sauti ya yule mama wodini ilitufikia pale barabarani. Makufuli, kibao cha onyo, fimbo ya kupimia, waya wa ardhi. Taratibu hakusema "haraka" hata mara moja. Wakafuta rangi nyekundu kwa petroli, ikaacha doa la waridi. Wakapaka nyeupe juu yake.

Nilitaka kushika kamba. Wakampa mwingine. Nikakaa kwenye benchi la zahanati, mgongo ukutani, nikamtazama akipanda. Hatua, mkanda, hatua, mkanda. Alipokuwa na miaka saba alipanda tangi la maji la jirani. Mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kupiga kelele, mama yake akanishika mdomo. Akasimama chini ya tangi akamuuliza, "Unaona nini huko?" Akamwacha amalize kueleza kila paa, kisha akasema, "Haya, shukia ulikopandia." Leo hakuwapo wa kunishika mdomo, nikajishika mwenyewe.

Alikuwa juu dakika arobaini. Kabla hajamaliza, tukasikia mtoto. Mkunga akatoka nje anafuta mikono.

"Msichana," akaniambia. "Amewangoja, amechoka, ameamua kuja hivyo hivyo gizani."

Umeme ulirudi saa nne na robo. Nilisikia friji ya chanjo ikianza kunguruma nyuma ya ukuta.

Tumerudi nyumbani kwa njia moja, yeye mbele, mimi nyuma.

9 Aprili

Hajasema neno.

10 Aprili

Amesema, "Chumvi iko wapi?"

12 Aprili

Nimeitwa ofisini. Walikuwa wapole, na upole wao uliniumiza kuliko matusi. Nyundo nimeirudisha, siruhusiwi kukagua mwaka huu. Nguzo zote nilizopaka msimu huu, mia mbili na kumi na mbili, zitakaguliwa upya na watu wa kituo kingine. Zote, siyo ile moja. Nilitaka kusema zile nyingine ni za kweli. Lakini sasa wakiona pete yangu watajuaje? Mimi mwenyewe nisingepanda.

Taratibu naye amepewa barua ya onyo kwa kumruhusu mwanafunzi kupanda kwenye pete isiyothibitishwa. Mlangoni nilimwomba radhi. Akasema, "Mzee wangu, mimi nina mabinti watatu. Ningepaka nguzo za nchi nzima." Kisha akarudi hatua moja. "Lakini usirudie, nitakufukuza mwenyewe."

Nitakuwa mtu wa chini. Kubeba, kushika kamba, kufuta vyombo.

13 Aprili

Nguzo ya 63 imeng'olewa. Ilipolazwa ilivunjika yenyewe mahali ambapo buti zake zilikuwa.

15 Aprili

Leo, baada ya kula, hakuinuka.

"Rangi nimeielewa," akasema. "Nilikasirika siku mbili, ikaisha. Ungeniambia unaogopa, ningekaa chini hata mwezi. Hilo silo."

Nikaiweka chini ndizi niliyokuwa nikila.

"Uliniambia nisikilize tena. Nilisikiliza mara tatu, baba. Mara tatu nilisikia kitu kimoja, nikakifuta, nikaandika cha kwako. Niliamini masikio yangu hayafai. Nikawa nalala najiuliza kama niache kazi."

Sikulijua hilo. Chumba kimoja kutoka kwangu, na mimi nilikuwa nikilala vizuri.

Nikamwambia anisamehe. Nilimwambia pia kwamba tangu Januari kila nikimwona mtu ninayempenda amepanda hata kiti kubadilisha balbu, natetemeka. Kwamba mama yake aliniambia asubuhi ile "nitakuona jioni" huku anatafuta kiatu, na nikamjibu bila kugeuka.

Akasema, "Mimi alinipigia simu nikamwambia nitampigia baadaye." Tukakaa hivyo, kila mtu na lake mezani.

"Kuhusu kusamehe sijui bado," akasema mwishowe. "Malizia ndizi hiyo."

16 Aprili

Nimemaliza ndizi jana. Leo amenikatia embe.

22 Aprili

Kikosi kimeshangaa. Binti yangu ameomba arudie mwenyewe kila nguzo aliyogonga tangu tarehe 20 Machi, thelathini na moja, kabla watu wa kituo kingine hawajazifikia. Fundi wa kituo kile atathibitisha nyuma yake. Taratibu akamuuliza anataka nani wa kumbebea rangi. Akasema, "Baba."

"Abebe makopo tu," Taratibu akasema. "Haongei, hakohoi, hainui hata nyusi. Kwa taratibu."

"Nyusi nitamfunga kitambaa," akasema yeye. Wote wakacheka. Nilicheka pia, nikageukia gari kutafuta kitu ambacho hakikuwapo.

23 Aprili

Nguzo tano. Sikuongea. Ni kazi ngumu kuliko kuchimba.

26 Aprili

Nguzo sita. Leo amerudi kugonga mara tano tano.

30 Aprili

Mvua inapungua. Kwenye ya 30 aligonga mara nne, akasema "nzima", akanyoosha mkono, nikampa nyeupe. Hakuniangalia nyusi.

3 Mei

Ameniuliza njiani jambo, akiwa mbele, kama anauliza habari za hewa. Je, nikiwa chini namtazama bado naogopa? Nikasema ndiyo. Akasema, "Hata mimi nikiwa juu. Basi tuko wawili."

8 Mei

Jua siku nzima. Buti zimekauka mpaka zimepinda.

9 Mei

Nguzo ya mwisho kati ya zile thelathini na moja. Ya 71, mwisho wa barabara ya kiwanda cha matofali, udongo mkavu, pete yake mwenyewe ya mwezi wa tatu bado inang'aa. Mimi nilikuwapo siku ile alipoipaka. Niliigonga nyuma yake nikathibitisha kuwa ni nzima, na hilo halikuwa uongo. Niliamini hivyo.

Aligonga. Akafumba macho, akagonga tena chini kidogo, upande wa magharibi. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote. Kwa masikio yangu iliimba. Nilikuwa na uhakika.

Alirudia pale pale mara ya tatu, na uso wake haukukunjamana.

Nilisimama na makopo mawili, ulimi nimeubana kwa meno. Kama amekosea, nilifikiri, mtu wa kituo kingine atamsahihisha, na hilo litakuwa lake, siyo langu. Na kama amepatia, basi mwezi wa tatu mimi ndiye niliyekosea, kwa masikio safi na nia safi, na kuna mtu angepanda juu ya neno langu.

Alichukua keekee akatoboa upande ule wa magharibi, chini ya goti. Kwanza likatoka vumbi jeupe. Akaendelea. Likatoka jeupe. Akabadilisha mkono, akasukuma tena, na keekee ikaingia ghafla mpaka mwisho kama imeanguka shimoni. Aliichomoa. Kwenye ncha kulikuwa na unga wa kahawia, kidogo tu, wa kujaza kucha.

Alifikicha unga ule kwa vidole, akaunusa. Hakusema kitu juu yangu wala juu ya mwezi wa tatu. Hakunigeukia kuniuliza.

"Nyekundu," akasema, macho yake yako kwenye nguzo, na akanyoosha mkono nyuma.

Nikampa.